Cheni za chuma au za raba kwa ekskaveta ndogo ya kung'oa visiki?

parachichi_mdogomdogo
Habari za muda huu wakuu. Nina ekskaveta ndogo tani 5 na nusu, mtumba wa Japani, ilikuja na cheni za raba (ile mikanda inayotembelea badala ya tairi) upana milimita 400. Niko huku Mufindi, tumevuna mipaini na pembeni kulikuwa na milingoti, jumla eka 6, sasa tunang'oa visiki tupande parachichi. Ilipofika haikuwa na tatizo, raba zilikuwa bado nzuri kabisa, ila wiki ya tatu tu nikaona upande wa kushoto umechanika kwa ndani na waya zinachungulia. Juzi ndo ikawa balaa, cheni imetoka yote tukiwa katikati ya mteremko, mvua inanyesha, tumehangaika nayo toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni kuirudisha na mabomba na magogo. Opereta anasema hapa ni chuma tu hakuna lingine. Aliyeniuzia spea anasema ninunue raba nyingine eti ile ilikuwa imezeeka. Na upande mmoja wa raba aliotaja bei ni kama pesa ya pikipiki mpya jamani. Kingine, mashamba yangu yapo pande mbili za barabara ya lami, na kiangazi huwa naipeleka Mafinga mjini kuchimba misingi na makaro. Nifanyeje?

MzeeVisiki
Mwanangu opereta wako anajua anachosema. Mimi nimeendesha hizi mashine kwenye mashamba ya miti ukanda huo huo, nikuambie kitu ambacho wauza spea hawakwambii. Kinachoua raba porini sio kile kisiki kikubwa. Kisiki kikubwa unakiona, unakizunguka au unaking'oa. Muuaji ni vile vijiti vya milingoti vilivyofyekwa kwa panga. Fyeka fyeka anapitisha panga kwa mshazari, kinabaki kijiti kinene kama kidole gumba, kimechongoka kama mkuki, kimefichwa na majani. Tani tano zikikaa juu ya hicho kijiti afu opereta akakata kona hapo hapo, kinaingia ubavuni mwa raba kama kisu kwenye embe. Chuma inakivunja tu unasikia kah! unaendelea na safari.

Na raba ikishachanika maji yanaingia, zile waya za ndani zinaota kutu, hata ukiziba juu na gundi sijui nini, kazi bure. Itakatika siku ambayo hutaki.

Cheni ya chuma imeungwa kwa sahani, moja ikipinda unafungua bolti nne unaweka nyingine, unarudi kazini. Raba ikikatika ndo imekwisha yote.

pwani_digger
Shikamoo mzee MzeeVisiki, heshima zako ila mi napingana kidogo. Niko Mkuranga, kazi zangu ni mashamba ya mikorosho na viwanja, raba zangu zina zaidi ya mwaka na nusu na bado zinadai. Mchanga wa huku chuma inaliwa vibaya sana, mchanga unaingia kwenye pini na bushi unasaga kama msasa, jamaa yangu kafungua cheni yake ya chuma pini zimekuwa nyembamba katikati kama mfupa wa kuku. Alafu raba haitikisi. Opereta wako akipigwa na mtetemo wa chuma kutwa nzima jioni mgongo wote sio wake. Usikimbilie kubadilisha kabla hujajua kama kosa ni la raba au la dereva.

MzeeVisiki
Marahaba. Mchanga wa Mkuranga sikatai. Lakini huku hakuna mchanga kijana, huku ni udongo mwekundu na mteremko, mvua ikianza Novemba mpaka Aprili huko ndani unateleza hata ukiwa na miguu yako miwili. Raba ikijaa tope zile kashata za chini, yale matuta yanayoshika udongo, zinapotea inabaki laini kama sabuni.

FundiRola
Nimesoma yote, ngoja niingie maana kazi yangu ni hizi za chini zinazobeba cheni: rola, aidla (gurudumu la mbele), sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni). Wote mko sawa ila kila mtu anaongelea udongo wa kwao.

@parachichi_mdogomdogo kabla ya cheni nikuulize, opereta anageuka vipi? Kama anazungusha cheni moja mbele nyingine nyuma akiwa amesimama sehemu moja, juu ya visiki, hata uweke raba ya mbinguni itachanika. Kona ichukuliwe taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Kwenye mteremko apande na kushuka wima, asitembee kwa ubavu, hapo ndo raba inatoka maana uzito wote unasukuma cheni nje ya rola. Na kisiki asikipande kwa ukingo wa cheni, kama hawezi kukikwepa basi kipite katikati ya upana wake.

La pili ni kukaza. Nyanyua upande mmoja kwa mkono wa mashine na bledi (ile sahani ya kusukuma udongo), cheni ining'inie hewani, pima nafasi kati ya rola ya katikati na raba. Mashine yangu kitabu kinasema milimita 10 mpaka 15, ya kwako angalia kitabu chake. Nadhani yako ilikuwa inaning'inia kama chandarua ndo maana ilitoka. Shida sasa ya porini ni hii: ukikaza sana, tope likijaa kwenye sproketi linaikaza zaidi, inavuta mpaka inakata waya au inaua sili za mota. Ukilegeza inatoka. Chuma inavumilia ulegevu kuliko raba, na kwangu hiyo ndo sababu kubwa ya kuchagua chuma kwenye tope, kuliko hata visiki.

Na ukilegeza ile valvu ya grisi, maana cheni inakazwa kwa presha ya grisi, usiifungue zaidi ya mzunguko mmoja na usiweke uso karibu, grisi iko kwenye presha kubwa, inaweza kupenya ngozi. Nimeona mkono wa mtu, sitaki kuelezea.

parachichi_mdogomdogo
Daah fundi umenisema kabisa. Anageuka hivyo hivyo sehemu moja, tena anajisifia anavyozunguka. Kukaza sijawahi kupima hata siku moja, nilijua ni mpaka itoke. Sasa kama nikienda chuma, si nitazama kwa uzito? Na niweke pana ili isizame?

FundiRola
Piga hesabu mwenyewe. Kilo 5,500, cheni mbili kila moja upana sentimita 40, sehemu inayogusa chini tuseme mita 2. Hiyo ni sentimita za mraba 16,000, inakuja kama kilo 0.34 kwa kila sentimita ya mraba. Mtu mzima akisimama kwa mguu mmoja anakandamiza chini zaidi ya hapo. Chuma itaongeza kilo mia kadhaa, haifiki hata 0.4. Huwezi kuzama kwa ajili hiyo, unazama kwa kupita njia moja mara ishirini mpaka inakuwa supu. Tandika matawi ya mipaini kwenye njia yako, yale mliyopogoa, usiyachome.

Upana baki na 400. Watu wanapenda kuweka pana, ila porini sahani pana ikikalia kisiki kwa ncha inapinda na inaivuta pini. Nyembamba inayotosha kutozama ndo salama. Chukua sahani za matuta matatu, zile za tuta moja refu zinashika sana lakini kugeuka ni mateso na kila kona unalima barabara.

pwani_digger
Na lami je? Hapo ndo nilikuwa nataka kusikia, maana ana barabara katikati na kazi za mjini.

MzeeVisiki
Kuvuka lami sisi tulikuwa tunabeba tairi chakavu za malori. Unapanga tano sita, mashine inapita juu, vijana wanatoa za nyuma wanaleta mbele. Asubuhi na mapema kabla magari hayajawa mengi, mtu kila upande na kitambaa chekundu. Na usigeuke juu ya lami hata kidogo, unapita moja kwa moja. Mjini inabebwa kwenye lori, kwani we ulikuwa unaitembeza?

parachichi_mdogomdogo
Hapana mzee inabebwa. Ila kwenye viwanja vya watu kuna maua na pevingi, chuma itaharibu.

FundiRola
Kuna pedi za raba za kufunga kwa bolti juu ya sahani za chuma. Porini usizifunge, tope linajaa katikati na visiki vinazing'oa, ila kiangazi ukienda mjini unazifunga, nusu siku na watu wawili. Mi ningefanya hivyo. Ile raba ya kulia kama bado nzima itunze kivulini, usiiuze kwa hasira.

Sasa usiagize kitu bado. Ndani ya raba yako kuna namba imeandikwa, kwa mfano 400x72.5x74, maana yake upana, umbali kati ya chuma na chuma vilivyo ndani ya raba, na idadi ya vyuma hivyo. Tuma hapa. Alafu kuna mashine sproketi na rola za raba zinakubali cheni ya chuma, kuna nyingine lazima ubadili vyote na hapo bei inapanda mara mbili. Hesabu pia meno ya sproketi uangalie yamechongoka au bado, maana cheni mpya kwenye sproketi iliyokwisha unaila ndani ya miezi.

parachichi_mdogomdogo
Nimetoka shambani sasa hivi na tochi, nimeloa mpaka kwenye buti. Namba ni 400x72.5x74 kweli kama ulivyoandika, sijui ulijuaje. Meno ya kushoto yamechongoka kama ya mamba. Ya kulia yako poa. Na nimekikuta kijiti cha mlingoti bado kimo ndani ya raba, mzee MzeeVisiki, kama kidole gumba vile vile.