Msaada: wasifu wa mama aliyezunguka ziwa lote, miaka haijulikani

Mjukuu wa Nansio:
Wakuu, habari za humu.
Mama yetu wa Nansio, Ukerewe, ametutoka. Umri tunakadiria 88 au 90, cheti cha kuzaliwa hakuna. Amelea watoto 7 kwa biashara ya samaki wakavu, na katikati ya malezi hayo alifika Musoma, Kisumu, Port Bell na Bukoba kwa meli, Kigoma kwa treni, Zambia kwa TAZARA. Siku ya kuaga ulisomwa wasifu wa nusu ukurasa: kuzaliwa, kuolewa, watoto, kuugua. Safari haikutajwa hata moja. Arobaini tunataka kusoma wasifu kamili na kugawa kijitabu. Miaka hatuijui, wazee wanapingana, picha zimegandana na vioo vya fremu. Zimebaki wiki 4. Tuanzie wapi?

Mwaloni:
Pole sana mkuu. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani", atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize vitu, miaka utaipata mwenyewe.

Nauli alilipa kwa hela gani? Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Kabla ya hapo ni shilingi ya Afrika Mashariki, na wazee wanazikumbuka sarafu zake zenye tundu. Kama alipanda meli ya Victoria, basi si kabla ya 1961. Kama nyumba ya ufukweni iliingiliwa na maji akahama, huenda ni mafuriko ya Uhuru: ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Ila hakikisha hawachanganyi na ya 2020. TAZARA ilikabidhiwa rasmi 1976, kwa hiyo Zambia ni kuanzia miaka hiyo. Samaki nao ni kalenda. Akisema aliuza sangara kwa wingi miaka ya 60, kuna kosa; huku kwetu sangara alitapakaa miaka ya 80. Zamani ni furu, sato na dagaa.

Chora mstari mmoja kwenye karatasi ndefu, matukio ya ziwa na nchi juu, ya mama chini. Mimba na vizazi vya watoto 7 viwe misumari ya katikati, maana kila safari mtu atakumbuka "alikuwa amembeba fulani mgongoni".

Katekista mstaafu:
Kama alibatizwa Katoliki, nendeni parokiani mkaombe kitabu cha ubatizo. Mambo matatu huwakwamisha watu. Kwanza, vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini, na jina linaloanza ni la ubatizo, si la nyumbani. Pili, tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa: aliyebatizwa mkubwa alipitia ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, ambayo kwa utaratibu wa Wamisionari wa Afrika yalifika miaka 4. Tatu, huenda alibatizwa parokia nyingine kabla kigango chenu hakijawa parokia. Pelekeni jina la baba yake, la mama yake na la msimamizi wa ubatizo. Bila hayo karani atapekua siku nzima.

Msipopata, andikeni "alizaliwa takriban 1936". Msiweke Januari 1 ya kubuni, wajukuu wataishika kama kweli.

Mjukuu wa Nansio:
Asante sana. Hapa ndipo ugomvi ulipo: mjomba anasema mama alikwenda Kisumu 1979, mama mkubwa anasema ni kabla ya vita vya Kagera. Tumwamini nani?

Mwaloni:
Huenda wote wawili. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa 1983. Safari ya meli ya abiria ni ya kabla ya hapo. Lakini 1979 kulikuwa na mitumbwi iliyovuka usiku na bidhaa. Muulize mjomba: alipanda nini, alishuka gatini au mchangani, alirudi na nini? Sabuni na nguo zikitajwa, hiyo ni safari ya pili, na kwa mama wa watoto 7 ndiyo iliyohitaji moyo zaidi. Iandikeni. Waliokuwepo wanajua bidhaa hizo zilivyoadimika madukani miaka ile.

Bi Sauti:
Wahojini mmoja mmoja. Mkiwakusanya, mkubwa akishasema wengine wanaitikia. Mhojaji azungumze Kikerewe, kwa sababu majina ya pepo, bandari na sehemu za mtumbwi hupotea mtu akihamia Kiswahili. Simu iwe sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndani ya nyumba; upepo wa ufukweni huharibu sauti yote. Dakika 40 zinatosha kwa mzee.

Picha zilizoganda kwenye kioo msizibandue, rangi itabaki kwenye kioo. Futeni kioo kwa nje, mpige picha hivyo hivyo kando ya dirisha, bila flashi, na kitambaa cheusi nyuma ya mpigaji kuzuia mng'ao. Zilizo huru mziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Kutumiana WhatsApp tumieni dokumenti, maana ikienda kama picha inapunguzwa na ikichapwa inatoka na ukungu. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli laini, si kalamu ya wino.

Mchapaji Kirumba:
Kwa kusoma hadharani, maneno 100 kwa dakika. Dakika 8 ni maneno 800, msivuke hapo. Mengine yaende kwenye kijitabu.

Msianze na kuzaliwa. Anzeni gatini Nansio, na mzigo wake: madebe mangapi, amevaa nini, mtoto yupi mgongoni, nani amebaki na wengine nyumbani. Huyo aliyebaki na watoto atajwe kwa jina, safari zile zilisimama juu yake. Kisha fuateni bandari moja baada ya nyingine, ndoa na watoto waingie njiani kama walivyoingia. Chorani ramani ya ziwa yenye vituo vyake, ijaze kurasa mbili za katikati.

Kijitabu cha A5 kurasa ziwe 12, 16 au 20. Zisipogawanyika kwa 4 zitabaki tupu ovyo. Kurasa 16 ni karatasi 4 za A4 na pini mbili. Kwanza toeni nakala 5 wakasome wazee, kosa la jina la mkwe huleta ugomvi wa ukoo. Na ukurasa wa 15 achieni mistari mitupu. Siku ya arobaini lazima atokee mtu wa Musoma au Bukoba mwenye safari msiyoijua.