Vidonge na maongezi vinaenda pamoja?

Mtu_wa_Chamwino: Wadau naombeni msaada, braza alipata ajali ya basi mwaka jana pale mbele ya Kibaigwa, mguu umepona ila kichwa bado, usiku anashtuka anapiga kelele, akisikia honi ya lori anatetemeka. Daktari kamwandikia sertralini, vidonge vya sonona na hofu, na kamwambia aende na kwa mshauri wa saikolojia kila wiki, yeye anasema kama dawa ipo maongezi ya nini?

Bi_Zabibu: Pole sana mdogo wangu. Mimi nilipita humo humo. Vidonge vilinipunguzia mshtuko na usingizi ukarudi, lakini havikuja leo kesho, ni kama wiki 6 hivi, mwanzoni nilikuwa nasikia kichefuchefu tu nikataka kuvitupa. Ile stori yenyewe ya ajali ndo ilitolewa na maongezi, unaisimulia mbele ya mtaalamu pole pole, unarudia, mpaka siku moja unaona mbona naongea na silii. Bila vidonge nisingeweza hata kukaa kile kiti.

Kijana wa Nkuhungu: Ila asiache dawa ghafla akijiona fresh, anapunguza na daktari. Na mkimpa dayazepamu, zile dawa za kutuliza, za duka la dawa ili alale mnamharibia, mwili unazizoea kuziacha inakuwa shida.

Mtu_wa_Chamwino: Asanteni. Anaogopa kwenda Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, watu watamwita chizi.

Bi_Zabibu: Waache waite, mi waliniita. Msindikize ile siku ya kwanza.