Naomba ushauri: Je, gemu za ukatili humtia kijana ganzi?

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Ngarenaro, Arusha, na mpwa wangu wa miaka 14, ambaye akitoka shule hupitia kwenye kibanda cha gemu kucheza michezo ya risasi, ikiwamo Grand Theft Auto V, ambayo Ulaya imewekewa alama ya miaka 18, ingawa mwenye kibanda hajali ilimradi alipwe. Hivi karibuni kibaka alipigwa mtaani kwetu mpaka akatapakaa damu, dada zake mpwa wangu waliingia ndani wakilia, lakini yeye mpwa akabaki ameegemea geti akitafuna muwa, kisha akaniuliza, “Mjomba, chakula tayari?”

Utafiti wa Carnagey, Anderson na Bushman wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliocheza gemu za ukatili kwa dakika 20, walipotazama video za ukatili wa kweli, mapigo ya moyo wao yalikuwa ya chini kuliko ya wenzao waliocheza gemu tulivu. Hata hivyo, huo ni mwitikio wa muda mfupi, na uchunguzi wa ubongo uliofanyika Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona ganzi hiyo kwa wachezaji wa miaka mingi. Binafsi naushuku zaidi mtaa wenyewe, kwa kuwa vipigo vya vibaka ameviona tangu utotoni.

Je, nimkataze kibanda kabisa, au nimruhusu gemu za mpira tu? Na ninyi mliolea vijana, mlimtambuaje aliyekufa ganzi na yule anayeficha hofu?