Kionga: tuidai au tuiache?

Mtu wa Newala: Wakuu, swali. Kionga, ile pembe ndogo kusini ya mlango wa Ruvuma, chini ya Mjerumani ilikuwa koloni moja na sisi mpaka Mreno alipoingia 1916 vita vikiwa vimepamba moto. 1919 wakubwa wakamwachia jumla. Wazee wa pale hawakuulizwa. Je, tuna haki ya kuidai kutoka Msumbiji?

Karani Mstaafu: Huna. Cairo, 1964, OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikubaliana kila nchi ikae na mpaka ilioukuta siku ya uhuru. Isitoshe, Mjerumani naye aliichukua 1894 Mreno akiihesabu yake. Unadai mali ya wizi kwa hati ya mwizi?

Kaka wa Ujiji: Kionga ni kiganja cha mchanga, mzee. Pigo lilikuwa huku kwetu. Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikaa 1919 wakagawana: Tanganyika ya huyu, Ruanda-Urundi ya yule. Bila hao wawili Bujumbura leo ingekuwa mkoa, tunakutana nao kwenye ligi.

Mrundi wa Buyenzi: Mkoa wa nani? Mwami, mfalme wetu, alikuwa na enzi yake kabla Mjerumani hajajua ziwa liko wapi. Na alipokuja alimwacha atawale, akamwekea rezidenti tu, yaani mwakilishi wake. Nyinyi hata hilo jina Tanganyika mlipewa 1920. Mtoto aliyepewa jina juzi anamwita jirani yake mkoa!

Kaka wa Ujiji: Povu la nini? Jina limetoka kwenye ziwa letu. Wewe niambie Mbelgiji aliwaachia nini. Sisi Mjerumani alituachia reli mpaka Kigoma, na meli ya Liemba juu yake.

Mrundi wa Buyenzi: Ziwa *lenu*? Haya. Mwulize karani, Mbelgiji alikuwa anafanya nini bandarini kwenu.

Karani Mstaafu: Hapo kasema kweli. 1921 Mwingereza alimkatia Mbelgiji eneo bandarini, Dar na Kigoma, apitishie mizigo. Kodi faranga moja kwa mwaka.

Kaka wa Ujiji: Faranga moja! Na mimi kibanda changu cha sokoni kila mwezi napigiwa hodi.

Karani Mstaafu: Na Liemba Mjerumani hakuiacha, aliizamisha. Mwaka 1916, injini kazipaka grisi kwanza, akitegemea kurudi. Mwingereza akaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya.

Kaka wa Ujiji: Sasa grisi ya nani? Ya Mjerumani. Bila ile grisi Mwingereza angeibua kutu.

Mama Kirando: Nyie mnaijua kwenye picha. Kwetu meli haikuwa inafunga gati. Ilipiga honi usiku wa manane, mitumbwi ikaikimbilia, wa kupanda na wa kushuka wakakutana mlango mmoja wa ubavuni, magunia ya dagaa yanapita juu ya vichwa. Nilimrushia baharia mwanangu kwanza, ndipo nikapanda mimi. Kiatu kimoja kilibaki ziwani.

Mrundi wa Buyenzi: Pole mama. Ila hicho kiatu kikielea mpaka Rumonge ni chetu.

Mtu wa Newala: Jamani, na Kionga?

Kaka wa Ujiji: Ina meli? Karani, hebu turudi kwenye ile grisi.