Naomba ushauri: begi la dharura kwa mama anayetumia kiti cha magurudumu

Habari wakuu. Tupo Kigoma, Katonga, karibu kabisa na ziwa. Tanganyika likijaa na mvua zikishika, mzima anabeba godoro na kuondoka. Mama yangu amepooza upande wa kushoto, anatumia kiti cha magurudumu, na ana kisukari cha kuchoma insulini.

Nimechagua begi la mgongoni, maana mikono yote itakuwa kwenye kiti. Ndani kuna dawa za presha za wiki moja, pampasi, tochi, pampu ndogo, viraka na gundi ya tairi, na nakala za kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima kwenye mfuko wa nailoni. Kuna pia karatasi yenye majina ya dawa, dozi, namba za ndugu na 114 ya zimamoto, kwa sababu ulimi wake ni mzito na mgeni hamwelewi.

Kinachonitatiza ni insulini. Kichupa kilichofunguliwa hukaa kama wiki nne bila friji joto lisipozidi nyuzi 30, ila jua la huku mnalijua. Barafu nayo ikiigandisha, imeharibika. Kuna aliyeipoza kwa chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi? Kwenye begi lenyewe niifunge na nini?

Halafu kiti kikikwama kwenye tope, mtu kama huyu mnambebaje? Shuka, au kiti cha plastiki watu wawili? Nawaomba hasa mliowahi kubeba mgonjwa kweli, nadharia ninazo tele.