Vibali vya kupeleka vimelea hatari nje ya nchi: je, vilegezwe wakati wa janga?

Msomi wa Sakina, Arusha
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninasomea afya ya jamii, na darasani tumegawanyika. Wapo wanaosema kwamba janga linapoikumba dunia, nchi zilegeze vibali vya kupeleka vimelea hatari nje, ili watafiti wa chanjo wavipate haraka. Wengine wanashikilia kwamba huo ndio wakati wa kukaza zaidi, kwa kuwa vurugu za janga humpa mwanya mwenye nia mbaya. Udhibiti huu unafanyaje kazi hasa, na unamgusa nani?

Mteknolojia wa Maabara, Moshi
Ndugu yangu, tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo huchanganywa mno: sampuli ya mgonjwa na vimelea vilivyooteshwa maabara. Wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba sampuli za wagonjwa zisafirishwe katika Kundi B la usafirishaji (lenye hatari ndogo zaidi), namba UN3373, ilhali virusi vilivyooteshwa visafirishwe katika Kundi A (lenye hatari kubwa zaidi), namba UN2814. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye boksi. Kifungashio cha Kundi A hujaribiwa kwa kuangushwa kutoka mita 9, cha Kundi B mita 1.2. Ndani huwa na kichupa kisichovuja, kitu cha kufyonza kinachotosha kunywa kimiminika chote, chombo cha pili kisichovuja, kisha boksi gumu la nje. Barafu kavu hukaa nje ya chombo cha pili, na boksi lazima liruhusu gesi kutoka, la sivyo hupasuka.

Kipindi cha janga niliona shehena ya sampuli ikisubiri sahihi ya ofisi moja hadi barafu kavu ikaisha, na kilichofika maabara ya nje hakikufaa tena kupimwa. Ucheleweshaji ule haukumzuia mhalifu yeyote. Hata hivyo siungi mkono kufuta ukaguzi. Ninachotaka ni kwamba makubaliano ya kuhamisha sampuli yaandikwe na maabara zinazopokea zikaguliwe mapema, kabla ugonjwa haujaingia, ili siku ya dharura kibakie kujaza jina la kimelea na tarehe.

Mwanasheria wa Njiro
Nakubaliana na Mteknolojia, ila niongeze upande wa sheria. Mkataba wa Silaha za Kibaiolojia, ulioanza kutumika mwaka 1975, unakataza katika Ibara ya III kumhamishia mtu yeyote vimelea kwa ajili ya silaha, na papo hapo Ibara ya X inazitaka nchi zishirikiane kwa matumizi ya amani. Azimio 1540 la Baraza la Usalama la mwaka 2004 likazilazimisha nchi zote, ikiwemo Tanzania, kuwa na sheria za kudhibiti bidhaa hizi mipakani. Orodha inayofuatwa zaidi, hata hivyo, ni ya Kundi la Australia, yaani umoja wa nchi zinazooanisha udhibiti wa kuuza nje bidhaa zinazoweza kutengenezea silaha za kemikali na za kibaiolojia, ulioundwa mwaka 1985 baada ya Iraq kutumia silaha za kemikali. Hakuna nchi ya Afrika iliyo mwanachama wake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Maabara ya Moshi ikihitaji kimelea kilichomo kwenye orodha hiyo kwa ajili ya kuhakiki vipimo vyake, kibali hutolewa au kunyimwa na serikali ya nchi inayouza. Hali ni hiyo hiyo kwa matangi ya kuoteshea vimelea yenye ujazo wa lita 20 au zaidi, ambayo ndiyo hayo hayo yanayotengeneza chanjo. Binafsi naona huu ndio mlango unaostahili kupewa njia ya haraka wakati wa janga, kwa sharti kwamba mpokeaji anajulikana na anakaguliwa.

Tena si chupa za vimelea peke yake zinazodhibitiwa; hata maandishi ya utafiti hudhibitiwa. Mwaka 2012 mtafiti wa virusi Ron Fouchier wa Rotterdam alilazimika kuomba kibali cha serikali ya Uholanzi kabla ya kupeleka kwenye jarida andiko lake kuhusu virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vilivyopata uwezo wa kuambukiza kwa njia ya hewa.

Daktari wa Mifugo, Monduli
Waheshimiwa, msisahau kwamba baadhi ya vimelea vya kwenye orodha tunavyo tayari. Mbegu za kimeta hukaa ardhini miongo mingi, na huku kaskazini ugonjwa huo huua mifugo na wanyamapori. Kufunga uwanja wa ndege wa KIA peke yake hakutoshi iwapo kabati la maabara ya wilaya halina kufuli wala daftari la nani alichukua nini.

Suala la pili ni uaminifu. Mwaka 2007 Indonesia ilisitisha kupeleka sampuli za H5N1 kwa sababu chanjo zilizotokana nazo zingeuzwa kwa bei isiyoimudu. Utaratibu wa kugawana faida ulipatikana mwaka 2011, nao unahusu mafua tu. Novemba 2021 Afrika Kusini ilitangaza mapema Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, na ndani ya siku chache ikafungiwa safari. Nchi ikitendewa hivyo, itatumia kibali cha usalama kama kisingizio cha kukaa na sampuli zake.

Msomi wa Sakina, Arusha
Nawashukuru, wakuu. Je, Mkataba wa Janga wa Shirika la Afya Duniani uliopitishwa Mei 2025 haukulimaliza hilo?

Mwanasheria wa Njiro
Haukulimaliza. Sehemu ya kugawana vimelea na faida zake iliachwa ijadiliwe katika kiambatisho cha baadaye. Darasani kwenu ningependekeza mjadili kifungu hicho: nani athibitishe kwamba maabara inayopokea ni salama, na dozi ngapi za chanjo zirudi kwa nchi iliyotoa sampuli.