Jino la 36 halipo duniani (msaada wa fomu ya idhini)

Kutoka: Baba Nuru, Bweyogerere

Wadau, wakubwa shikamooni, rika langu habari za kazi.

Nina shida na watu wa bima ya afya hapa Uganda. Wiki mbili zilizopita nikila maharage ya kantini nikauma kokoto. Gego la chini kushoto likapasuka ukuta mzima wa upande wa ulimi, na ile amalgamu (dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha) niliyozibwa Muhimbili enzi za uanafunzi ikatoka nayo. Nikaenda kliniki iliyomo kwenye orodha yao. Daktari akapiga picha, akasema mshipa wa jino umekufa, akanifanyia ruti kanali (kusafisha mifereji ya ndani ya jino na kuiziba) kwa siku mbili, juu akaweka dawa ya muda. Akanionya nisichelewe, jino linataka kofia, yaani gamba gumu la kulifunika. Akajaza fomu ya kuomba idhini ya bima, nikaipeleka.

Jana wameniita. Binti wa dirishani ananigeuzia fomu: "Mzee, binadamu ana meno 32. Daktari wako kaandika jino namba 36. Limetoka wapi?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Akachukua kalamu, akaanza kugusa mchoro wa meno kwenye fomu yao, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na mbili, foleni nzima nyuma yangu ikihesabu naye. Kisha akaweka duara jekundu kwenye 36. Duara la pili kwenye NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, maana niliacha wazi. La tatu kwenye neno kofia: "Hii ni urembo. Tunalipa kuziba kwa kawaida, au kung'oa."

Swali langu ni moja. Najaza fomu upya au naandika barua ya rufaa? Na napeleka dirisha lile lile au inapitia HR, ofisi ya utumishi kazini kwangu? Dawa ya muda imeanza kumeguka.

---

Kutoka: Mama Zuhura, Ntinda

Pole sana Baba Nuru. NIN ni ya raia, wewe unaandika AIN, namba ya wageni inayotolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Kama kadi haijatoka andika namba ya pasipoti na ubandike kopi ya kibali cha kazi. Mimi walinirudisha mara tatu kwa sababu fomu ina majina matatu na pasipoti yangu ina mawili. Mara ya nne nikaenda na kitoto mgongoni kinalia, wakagonga muhuri bila kusoma.

Ila usikubali kung'olewa! Mimi niling'oa gego mwaka niliohamia huku, nikaona rahisi. Sasa la jirani limelala kwenye pengo na la juu linashuka kulifuata. Nyama natafunia upande mmoja kama mbuzi mgonjwa.

---

Kutoka: Mzee wa Kaskazini, Entebbe

Baba Nuru, ziba amalgamu uendelee na maisha. Yangu ina miaka 30. Hizi nyeupe za siku hizi ni mtindo tu, miaka miwili imebadilika rangi, mitatu imetoka.

Kuhusu urembo, niseme. Mimi nimezaliwa kando ya Mlima Meru, maji yetu yana floraidi kupita kiasi, meno ya kahawia tangu yanaota. Miaka yote niliyokaa Uganda, kila nikicheka mtu ananiuliza niliacha lini sigara. Sijawahi kuvuta hata moja! Nyumbani hakuna anayeuliza, mtaa mzima tunafanana. Niliwahi kuomba bima yangu wanibandikie venea (vigamba vyembamba vyeupe) nne za mbele, jibu likawa hilo hilo, urembo. Nikawajibu kwa barua kurasa mbili. Hadi leo kimya.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa Meno, Makerere

Shikamoo Mzee. Naomba nirekebishe mambo kabla mtu hajaumia.

Kwanza, jino la 36 lipo, na wewe Mzee unalo. Madaktari wengi duniani wanahesabu kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni jino lenyewe kuanzia katikati. Kwa hiyo 36 ni jino la sita, robo ya chini kushoto, yaani gego la kwanza. Hiyo fomu ya bima inahesabu kimarekani, 1 mpaka 32, na huko jino hilo hilo ni namba 19. Daktari aandike namba zote mbili na maneno "gego la kwanza la chini kushoto". Hapo dirisha halina pa kuweka duara.

Pili, Mzee, "ziba amalgamu uendelee na maisha" si ushauri wa jino hili. Jino lililofanyiwa ruti kanali na kupoteza ukuta ni kama nyumba iliyotolewa nguzo. Ukijaza katikati tu, kila ukitafuna unazisukuma kuta zilizobaki nje, na siku moja linapasuka hadi mzizini. Hapo hata mimi nakung'oa. Kofia inazikumbatia kuta kwa nje. Ni kazi ya kuokoa jino, na daktari aiandike hivyo kwenye barua, aambatanishe picha. Uzuri wa sura asiutaje.

Tatu, Baba Nuru, kabla ya kuchagua kofia iwe ya zirkonia (kauri nyeupe ngumu sana) au ya kauri nyingine, daktari apime kilichobaki. Kofia inahitaji ukuta wa jino mzima wa milimita 2 hivi juu ya ufizi, kuzunguka pande zote, la sivyo inang'oka pamoja na kila kitu. Kama kuta tatu zako ni imara, muulize daktari kuhusu kofia nusu, inayofunika sehemu ya kutafunia bila kukwangua jino lote. Gundi za sasa zinaruhusu, na mimi ningeanzia hapo. Zirkonia ni ngumu kuvunjika, inafaa magego. Kauri ya lithiamu inapendeza zaidi na inashika gundi vizuri, wengi wanaiweka mbele. Chuma chenye kauri juu bado kinafanya kazi na mara nyingi ni nafuu, ila miaka ikienda ufizi ukishuka unaona mstari mweusi.

---

Kutoka: Mzee wa Kaskazini, Entebbe

Marahaba. Kijana, umejibu vizuri ila hujagusa nilichosema. Nyeupe hazidumu. Mimi nimeona.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa Meno, Makerere

Mzee, umeona zilizowekwa vibaya. Kompoziti, ndiyo hiyo nyeupe ya kuzibia, haitaki mate. Jino linavishwa shuka la mpira, linapakwa asidi, linaoshwa, linapakwa gundi, ndipo kompoziti inawekwa kwa tabaka, kila moja kama milimita 2, na kila tabaka linapigwa taa ya bluu. Mgonjwa anang'ata karatasi ya rangi, unapunguza palipozidi. Ukimwona mtu anajaza shimo lote kwa mara moja, pamba imelowa mate na simu iko begani, basi miaka miwili ni mingi. Amalgamu inasamehe uzembe huo, ndiyo sifa yake kubwa.

Lakini karibu nusu yake ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi ziipunguze, na mwaka 2022 wakakubaliana isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Umoja wa Ulaya umeisimamisha tangu Januari 2025 isipokuwa pale daktari anapoona haina budi. Iliyomo kinywani na ni nzima, usiitoe. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi.

---

Kutoka: Mzee wa Kaskazini, Entebbe

Mzungu akichoka na kitu chake ndipo tunaambiwa ni sumu. Miaka yote hiyo ilikuwa dawa.

---

Kutoka: Mhaya wa Kabalagala

Mzee, si kila kitu kimetoka kwa Mzungu. Ile njia ya kuziba bila mashine, bila umeme, daktari anakwangua kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa glasi ayonoma (aina ya saruji ya meno), ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980! Sasa iko dunia nzima. Binti yangu amezibwa hivyo hapa Kampala, wala hakulia. Jino jingine wakampaka dawa ya fedha yenye floraidi, uozo ukasimama, ila doa limekuwa jeusi tii. Bibi yake wa Bukoba alipoona picha alipiga simu saa nne usiku kuniuliza mtoto amekula nini.

Na huyo bibi ndiye aliyetaka mjukuu ang'olewe "meno ya plastiki" akiwa na miezi mitano. Nikadhani ni mambo ya kwetu tu, kumbe jirani yangu Mganda naye anayo, wanaita ebinyo. Wanachimba ufizi wa mtoto kwa spoku ya baiskeli, jamani, kwa sababu ya homa na kuhara. Yale ni meno yenyewe hayajaota.

Baba Nuru, kama bima inasumbua, vuka mpaka wa Mutukula ukatibiwe Bukoba. Huna haja ya kumweleza mtu 36 kwa Kiingereza.

---

Kutoka: Mama Zuhura, Ntinda

Kofia inataka kwenda mara mbili, Mhaya. Siku ya kusaga na kuchukua kipimo, siku ya kubandika. Atalala Bukoba wiki nzima kwa gharama ya nani? Na bima yake haivuki mpaka.

---

Kutoka: Mhaya wa Kabalagala

Ndiyo hapo nauliza jumuiya hii ya Afrika Mashariki ni ya nani. Bendera tunayo, wimbo tunao, gego haliruhusiwi kupita. Kiswahili wamekipitisha kuwa lugha rasmi kwenye Baraza la Mawaziri la Uganda 2022, lakini nenda dirishani ukisalimie kwa Kiswahili uone watakavyokutazama, kama askari aliyekuja kufunga barabara.

---

Kutoka: Mzee wa Kaskazini, Entebbe

Hilo la askari ni la tangu Amin, na mwaka 1979 sisi tuliokuja kumtoa tulikuja na Kiswahili hicho hicho. Wazee wa Masaka wanakijua vizuri, waulize.

---

Kutoka: Mhaya wa Kabalagala

Masaka mimi nawaulizia senene tu. Mwaka huu zimechelewa au nimekosa mtu?

---

Kutoka: Baba Nuru, Bweyogerere

Ahsanteni. Daktari ameandika 36, 19 na maneno, amebandika na picha. Amepima, kuta tatu zinatosha, tumekubaliana kofia nusu ya zirkonia. Leo asubuhi nimefika ofisini kwao saa mbili kamili. Yule binti yuko likizo. Aliyepo anasema fomu zimebadilishwa tangu Jumatatu, toleo jipya halijachapwa. Dawa ya muda imetoka yote jana usiku nikila ugali, naziba kwa pamba. Mwanafunzi, naomba usinigombeze.

Bado nauliza: rufaa inakwenda dirishani au inapitia HR?

---

Kutoka: Mwanafunzi wa Meno, Makerere

Kaka, pamba hapana! Mate yanapita, bakteria wanarudi kwenye mifereji, ruti kanali inaanza upya. Rudi kliniki leo wakuwekee ya muda nyingine, usisubiri idhini. Hilo la HR sijui.

---

Kutoka: Mama Zuhura, Ntinda

Mhaya, senene zipo. Kuna mama analeta kutoka Masaka zimeshachambuliwa mabawa na miguu. Nitakutumia namba pembeni.

---

Kutoka: Mzee wa Kaskazini, Entebbe

Na mimi nitumie.